Wasomaji Wauliza: Miungu ya Warumi na Kuenea kwa Ukristo

Makala yetu ya mwezi uliopita kuhusu Dola ya Kirumi ilileta barua nyingi, na sehemu kubwa ya barua hizo ziliuliza juu ya dini. Tumechagua sita ambazo maswali yake yanafuatana.

*Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile. Warumi walikuwa na miungu mingi, tena waliipokea miungu ya mataifa waliyoyashinda. Iweje basi wakashindwa kumvumilia Mungu mmoja wa Wakristo?*
*— Msomaji, Morogoro*

Mwalimu, ili swali hilo lijibike, lazima kwanza tuweke kando mazoea yetu ya kudhani kwamba dini ni jambo la kuamini. Sisi, Waislamu kwa Wakristo, humuuliza mtu anaamini nini; Mrumi aliulizwa ametenda nini. Hakuwa na kanuni ya imani ya kukiri. Alikuwa na ibada za kutimiza, kwa siku yake, kwa maneno yake, kwa mnyama wa rangi na jinsia iliyotakiwa, na endapo kuhani alikosea neno au mpiga zumari akanyamaza ghafla katikati, ibada yote iliweza kurudiwa tangu mwanzo. Kilichotafutwa ni amani kati ya mji na miungu yake. Miungu ikipewa haki yake, mavuno yatakuwa mema na majeshi yatashinda. Ikidhulumiwa, mji mzima utalipa.

Ibada hizo zilianzia nyumbani. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, wachimbaji wamekuta mahali pa ibada kwenye kuta za nyumba nyingi, mara kwa mara jikoni, pamechorwa Lares, yaani walinzi wa nyumba, wakicheza na pembe za divai mikononi, na chini yao nyoka akijongea kwenye madhabahu. Wakati wa mlo, sehemu ya chakula ilitengwa na kutupwa motoni kwa ajili yao. Msomaji aliyewahi kumwona babu yake akimwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa hatapata taabu kuelewa. Cato, mwanasiasa wa karne ya 2 kabla ya Kristo aliyeandika kitabu juu ya kilimo, anamwelekeza mkulima anayetaka kupunguza miti katika kichaka kitakatifu atoe sadaka ya nguruwe, na sala yake inaanza kwa kumwita mwenye mahali pale, "uwe mungu au uwe mungu wa kike". Mkulima hamjui anayemwomba, wala hahitaji kumjua. Anachohitaji ni kulipa kinachostahili kabla ya kuinua shoka.

Serikali nayo ilifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Mabikira sita wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, kila mmoja akitumikia kwa miaka 30, waliutunza moto wa mji usizimike. Kabla ya vita, makamanda waliwatazama kuku watakatifu: wakila kwa pupa, ni ishara njema. Mwaka 249 kabla ya Kristo, karibu na Drepana huko Sisilia, kuku walikataa kula, na inasimuliwa kwamba kamanda Publius Claudius Pulcher aliwatupa baharini, akisema kama hawataki kula basi wanywe. Alipoteza sehemu kubwa ya merikebu zake, akarudi Roma akashtakiwa na kutozwa faini.

Kwa hiyo kuongeza mungu mpya hakukuwa tatizo, maadamu aliingia kwa mlango unaofaa. Katika vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago, mwaka 204 kabla ya Kristo, Baraza la Seneti lenyewe liliagiza jiwe jeusi la mungu wa kike Cybele lisafirishwe kutoka Asia Ndogo hadi Roma. Lakini mwaka 186 kabla ya Kristo baraza hilo hilo liliwashukia kwa ukali wafuasi wa Bacchus, mungu wa divai. Amri yake, iliyochongwa kwenye bamba la shaba nyeusi lililosalia hadi leo, haisemi kwamba Bacchus si mungu. Inakataza wafuasi wake kuwa na hazina ya pamoja, kuwa na viongozi wao na kula viapo kati yao, na inakataza watu zaidi ya watano kukusanyika bila kibali. Seneti iliogopa jumuiya inayojitawala yenyewe ndani ya mji.

Sasa, Mwalimu, waoneshe wanafunzi wako Wakristo kwa macho ya Seneti ile: wana hazina ya pamoja, wana viongozi wao, wanakusanyika kabla ya mapambazuko, na zaidi ya yote wanakataa kutoa sadaka kwa mungu mwingine yeyote. Wayahudi nao walikataa, lakini walivumiliwa kwa sababu walifuata desturi za mababu zao, jambo ambalo Warumi waliliheshimu sana, na hadi mwaka 66 sadaka kwa ajili ya kaisari ilitolewa kila siku katika hekalu la Yerusalemu. Mkristo wa Korintho au wa Efeso alikuwa ameziacha desturi za mababu zake mwenyewe. Majirani walimwita mtu asiye na mungu, na njaa au tauni ilipozuka, walijua wa kumlaumu.

*Je, ni kweli kwamba Wakristo waliwindwa bila kupumzika kwa miaka 300, tangu Nero hadi Konstantino? Mahubiri mengi yanasema hivyo.*
*— Msomaji, Mombasa*

Mateso yalikuwa ya kweli na ya kutisha, ila hayakuwa ya mfululizo, na kwa karne mbili za mwanzo hayakutoka kwenye amri moja ya dola nzima. Nero aliwatesa Wakristo wa mji wa Roma baada ya moto mkubwa wa mwaka 64, akitafuta wa kubebeshwa lawama. Baada ya hapo yaliyotokea yalitegemea mahali, liwali na hasira za umati.

Tunaye shahidi mmoja anayezungumza kutoka kiti cha mtesaji. Karibu mwaka 112, Plinius Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajani kuomba mwongozo. Anaeleza kwamba huwauliza washtakiwa mara tatu kama ni Wakristo, huku akiwatishia adhabu, na wanaoshikilia huamuru wauawe. Anayekana huitia miungu, hutoa divai na ubani mbele ya sanamu ya kaisari, humlaani Kristo, kisha huachiliwa. Anakiri kwamba alichogundua ni kuwa watu hao humwimbia Kristo kana kwamba ni mungu na huapa kutoiba, kutozini na kutovunja ahadi. Ili kupata uhakika aliwatesa watumwa wawili wanawake waliokuwa wahudumu wa kanisa. Majina yao hakuyaandika. Trajani alijibu kwamba Wakristo wasitafutwe na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe, lakini wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 100: Mkristo aliweza kuishi maisha yake yote bila kuguswa, au akafa wiki ijayo kwa sababu jirani amemchukia.

Amri ya kwanza iliyomgusa kila mtu ilitoka kwa Kaisari Desio. Maadui walikuwa wakivamia mipaka, naye akaona dawa ni kuirudisha amani na miungu, hivyo akaagiza wakazi wote wa dola watoe sadaka. Huko Misri zimepatikana hati zaidi ya 40 za mwaka 250 zilizoandikwa kwenye karatasi za mafunjo, kila moja ikithibitisha kwamba mwenye hati ametii. Moja ni ya mzee Aurelius Diogenes, mwenye miaka 72, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, kama karani alivyomtambulisha. Anasema amekuwa akitoa sadaka kwa miungu siku zote, na sasa mbele ya maofisa ametoa sadaka, amemimina kinywaji na ameonja nyama ya sadaka, na anaomba wathibitishe hayo kwa maandishi. Nyingine ni ya mwanamke aliyekuwa kuhani wa Petesouchos, mungu mamba wa Wamisri. Bila shaka yeye hakushukiwa kuwa Mkristo, na hati yake ndiyo inayotuonesha vizuri amri ile ilivyokuwa: kila mtu alidaiwa tendo, hata waliokwisha kulitenda maisha yao yote.

Wakristo wengi walishindwa. Baadhi walitoa sadaka, wengine walinunua hati bila kuitoa, na ugomvi juu ya namna ya kuwapokea tena watu hao ulilipasua kanisa kwa miaka mingi. Ninaona mahubiri yetu yangefaidika kuwataja na hao. Cyprian, askofu wa Karthago, aliyejificha wakati wa Desio, alikatwa kichwa mwaka 258 chini ya Valeriani. Kisha ikafuata amani ya takriban miaka 40, hadi Februari 303, Diokletiani alipoamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Hayo ndiyo yalikuwa mateso makubwa kuliko yote, na katika majimbo ya mashariki yaliendelea, kwa vipindi, kwa karibu miaka 10.

*Kundi dogo la watu maskini lilikuaje hadi kuishinda dini ya dola? Naomba jibu la kihistoria, maana la kiimani ninalo.*
*— Msomaji, Bukavu*

Ndugu msomaji, la kiimani lishike. La kihistoria lianze na kusahihisha kidogo: hawakuwa maskini peke yao. Plinius anasema walikuwa wa kila rika na kila daraja, mjini na vijijini, kiasi kwamba nyama ya wanyama wa sadaka ilikosa wanunuzi. (Ndiyo nyama ile ile iliyowasumbua Wakorintho hadi wakamwandikia Paulo.) Mwaka 203 huko Karthago walitupwa pamoja kwa wanyama Perpetua, binti wa familia yenye heshima, na Felista, mtumwa aliyekuwa amejifungua siku chache kabla. Watu wa madaraja hayo mawili hawakuwa na sehemu nyingi za kukutana kama ndugu katika ulimwengu wa Kirumi.

Kilicholikuza kanisa, kwa maoni yangu, ni jumuiya ile ile ambayo watawala waliiogopa. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliandika barua iliyosalia hadi leo, akitaja waliokuwa chini ya kanisa lake: mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, wasaidizi wa altare 42, wapunga pepo pamoja na wasomaji na mabawabu 52, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500, wote wakilishwa. Kanisa lisilokuwa na kibali cha serikali, katika mwaka ule ule uliofuata amri ya Desio, lililisha watu 1,500! Hekalu la Kirumi halikuwa na kazi hiyo. Lilikuwa nyumba ya mungu. Wananchi walihudhuria sadaka uwanjani mbele yake, pengine wakala nyama, kisha wakaenda zao. Ukarimu ulikuwapo, na matajiri waligawa nafaka na kujenga mabafu, ila waliwapa raia wa mji wao ili wapate heshima. Mjane asiye na jina hakuwa na cha kuwarudishia.

Tauni ilipoikumba dola katikati ya karne ya 3, Askofu Dionisio wa Aleksandria aliandika kwamba ndugu wengi waliwauguza wagonjwa wakafa nao, wakati wengine wakiwatoa wagonjwa wao barabarani kabla hawajakata roho. Ni maneno ya askofu anayewasifu watu wake, kwa hiyo tuyapokee kwa tahadhari. Lakini shahidi wa upande wa pili yupo. Kaisari Juliani, aliyelelewa katika Ukristo akauacha, na aliyetawala kuanzia 361 hadi 363 akijaribu kuirudisha miungu, aliwaandikia makuhani wake kwamba maskini walipopuuzwa na makuhani, "Wagalilaya", yaani Wakristo, waliona nafasi hiyo wakajitia katika matendo ya huruma. Akawataka nao wafanye hivyo. Alikuwa anaiomba dini ya kale ifanye kazi ambayo haikuumbwa kwayo.

Wala msifikirie makanisa makubwa. Huko Dura-Europos, mji wa ngome kando ya mto Frati nchini Syria, wachimbaji walifukua nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa kabla ya mwaka 256. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umebomolewa ili watu waenee, na katika chumba kidogo cha ubatizo kulikuwa na picha za Mchungaji Mwema, za mtu aliyepooza akibeba kitanda chake, na za Petro akizama majini. Katika mji huo huo kulikuwa na sinagogi iliyojaa picha na hekalu la Mithra, mungu aliyependwa na askari.

*Nimesoma kwamba Konstantino aliufanya Ukristo kuwa dini ya taifa mwaka 313. Mwenzangu anasema ni mwaka 380. Tuamulie.*
*— Msomaji, Bukoba*

Mwenzako ana haki, na tofauti ya miaka hiyo 67 ina uzito wake. Hata uhuru wenyewe haukuanza mwaka 313. Mwezi Aprili 311 Kaisari Galerio, mmoja wa watesaji wakubwa, akiwa mgonjwa karibu kufa, alitoa amri ya kuyakomesha mateso, na katika sharti moja akawataka Wakristo wamwombe Mungu wao kwa ajili ya usalama wa kaisari, wa dola na wao wenyewe. Ni fikra ya Kirumi kabisa: kama Mungu huyu yupo na ana nguvu, basi naye aingizwe katika amani ya dola.

Konstantino aliisogeza mbele fikra hiyo. Alimshinda Maxentius, mshindani wake aliyeushika mji wa Roma, penye daraja la Milvio tarehe 28 Oktoba 312, akaamini kwamba Mungu wa Wakristo ndiye aliyempa ushindi. Makubaliano ya Milano ya mwaka 313, kati yake na Licinio, kaisari mwenzake, yaliwapa Wakristo "na watu wote" uhuru wa kufuata dini waliyoitaka, na yaliagiza mali za makanisa zirudishwe. Mambo yake mengine yalikwenda polepole. Kwenye tao la ushindi alilojengewa Roma mwaka 315, maandishi yanasema alishinda "kwa uvuvio wa uungu", bila kusema uungu upi. Sarafu zake ziliendelea kwa miaka kadhaa kuwa na sura ya mungu Jua. Aliwaita maaskofu Nikea mwaka 325, akajenga makanisa na kuyatajirisha, huku akibaki na cheo cha kuhani mkuu wa dini ya Kirumi. Akabatizwa mwaka 337, akiwa amelala kitandani anakaribia kufa.

Aliyeamuru raia wote wafuate imani moja ni Kaisari Theodosio, Februari 380, akishirikiana na makaisari wenzake. Mwaka 384 seneta Symmachus alimsihi kaisari airudishe madhabahu ya mungu wa kike Ushindi katika ukumbi wa Seneti, akisema kwamba siri iliyo kubwa namna ile haiwezi kufikiwa kwa njia moja tu. Ambrosi, askofu wa Milano, alimpinga, na madhabahu haikurudi. Kisha sheria ya Novemba 392 ikaingia hadi majumbani: ilikataza kuwatukuza Lares kwa moto, genius, yaani roho mlinzi, wa mwenye nyumba kwa divai, na Penates, walinzi wa ghala, kwa ubani. Tumewaona Lares hao jikoni mwa Pompeii. Mimi ni Mkristo, na sheria hiyo hunihuzunisha kila ninapoisoma, kwa sababu ni chini ya miaka 90 tangu Wakristo wenyewe waburutwe mbele ya madhabahu kwa ajili ya divai na ubani huo huo.

*Je, Krismasi ni sikukuu ya kipagani ya Warumi iliyobadilishwa jina?*
*— Msomaji, Nakuru*

Sikukuu inayotajwa sana, Saturnalia, ilianza tarehe 17 Desemba na ilikuwa imekwisha kabla ya tarehe 25, kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo cha tarehe hiyo, ingawa zawadi na karamu zake zinafanana na zetu. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya mungu Jua. Kalenda iliyotengenezwa Roma mwaka 354 inaweka tarehe 25 Desemba kuzaliwa kwa "Asiyeshindika", na kwenye orodha nyingine ndani ya mkusanyo huo huo, kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu. Wapo wataalamu wanaoona kanisa lilichukua siku ya Jua. Wapo wanaoona Wakristo walihesabu miezi tisa tangu tarehe 25 Machi, waliyoamini kuwa ndiyo siku ya kusulubiwa na pia ya kutungwa mimba kwa Yesu. Mjadala haujafungwa, na anayekuambia umefungwa, upande wowote, amesema zaidi ya ushahidi.

*Assalamu alaykum. Warumi waliotajwa katika Surat Ar-Rum ndio hao hao waabudu sanamu wa makala yenu?*
*— Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam. Ni dola ile ile, lakini dini imekwisha kubadilika. Mji mkuu ulikuwa Konstantinopoli, uliozinduliwa na Konstantino mwaka 330. Lugha ilikuwa Kigiriki, na wakati sura hiyo inashuka, Warumi walikuwa wametawaliwa na makaisari Wakristo kwa muda wa karibu miaka 300. Kushindwa kunakotajwa mwanzoni mwa sura wafasiri hukuhusisha na vita dhidi ya Waajemi, walioiteka Dameski mwaka 613 na Yerusalemu mwaka 614. Kaisari Heraklio aliwashinda Waajemi karibu na Ninawi mwaka 627. Mwaka mmoja kabla yake, Konstantinopoli iliposhambuliwa na Waavari, Patriarki Sergio aliongoza maandamano ya sala juu ya kuta za mji, na wakazi wake, waliojiita Warumi hadi mji ulipotekwa na Sultani Mehmed II mwaka 1453, walimshukuru Bikira Maria kwa kuwaokoa.